Bangkok ya Buhinyuza

Ijumaa, 2 Agosti 2024. Magarama, Gitega.

Siku ya kumi na tatu ya ndoa. Asubuhi Ghislaine alichana nywele dirishani, nikasahau kuvaa kiatu cha pili. Nimefika hivyo kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu. Mteja ndiye aliyenionyesha. Mke gani huyu, Mungu wangu!

Doa moja tu: Cubaka. Cubaka wa vitenge, aliyemposa Ghislaine kabla yangu akakataliwa. Jioni kaja kwetu, kakaa kwenye kiti changu. Anarudi Bangkok tarehe ishirini kuchukua mali. Anataka kwenda na Ghislaine, eti ana jicho la vitambaa. Mwezi mzima!

Ghislaine akasema asubiri jibu hadi tarehe kumi na nne. Mume wake aliahidi ukumbini siku ya harusi, mbele ya watu mia mbili, kumwonyesha soko la usiku la Thailand kabla ya siku hiyo. Akiliona, haendi. Asipoliona, anaenda kujionea mwenyewe.

Kweli niliahidi. Cubaka alikuwa amemaliza kujigamba juu ya taa na mapishi ya huko. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Ningefanyaje?

Mwezi mmoja bila Ghislaine. Nitalalaje? Tangu utotoni siwezi kulala peke yangu gizani. Hili hajui mtu.

Pasipoti: sina. Ndege: sina. Akili: ipo.

Jumamosi, 3 Agosti.

Mpango! Kama hatufiki kwenye soko, soko litajengwa. Shamba la marehemu bibi yangu huko Buhinyuza liko wazi. Hakuna wa kuniumbua, kule hajafika Bangkok hata mmoja.

Cubaka aliniletea simu yake nibadilishe kioo. Nimenakili picha zake arobaini na moja. Taa, mishikaki, vikapu. Na kitu kimoja kinachorudi kila picha: kanyumba kadogo kenye paa la dhahabu, juu ya nguzo moja, kimo cha kifua. Ndani kuna sahani ya chakula, maua, vijiti vinavyofuka moshi, na chupa ya fanta nyekundu iliyofunguliwa, ina mrija.

Niliwaza dakika tano nikaelewa. Ni kabati la matangazo. Wanaweka mbele kile kinachouzwa nyuma. Wathai wana akili.

Nimemwambia Ghislaine tunasafiri. Kanibusu shavuni mbele ya mama mwenye nyumba. Shavu hilo silioshi.

Jumatatu, 5 Agosti. Buhinyuza.

Petroli hakuna nchi nzima. Tulipanda lori la saruji hadi Muyinga mjini, kisha baiskeli mbili. Ghislaine mbele, mimi nyuma, kilemba chake kinapepea. Vumbi lake lote nililimeza kwa furaha.

Shangazi Dorotea, dada wa baba, ametupokea. Nyumba ya bibi imeanguka, yamebaki mafiga matatu. Nyuma yake kuna duara la ardhi lisiloota hata jani. Pamefaa kabisa! Katikati palikuwa na shimo la zamani. Nguzo yangu imeingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Jumanne, 6 Agosti.

Kanyumba kamekamilika. Kuta za mabua, paa la mkebe wa biskuti, dhahabu tupu. Nimeweka maharage, maua, ubani wa kanisani, fanta nyekundu na mrija.

Shangazi alipita na jembe akasimama. Hakusalimu. Aliuliza nimemwalika nani. Nikasema watu wote.

"Mwanangu, kanyumba kama hako hakajengewi watu wote," alisema. "Na mrija umemwekea."

Akasimulia kwamba bibi alikuwa nako pale pale. Humo alikuwa akiweka chakula na pombe ya mtama kwa wazee wake waliokufa, na mrija wa kunywea. Katekista akakabomoa ndipo akambatiza. Anayeanza kulisha, anasema, haachi hivi hivi. Lazima aage.

Nilimweleza kwamba hii ni Thailand. Akajibu kwamba Thailand haijui, ila hilo shimo analijua.

Wazee na maendeleo!

Jumatano, 7 Agosti.

Fanta imepungua nusu. Chupa wima, mrija una unyevu. Maharage yameisha, na hakuna sisimizi hata mmoja sahanini, wakati kwenye uji wangu wamejaa.

Ni wazi. Cubaka ametuma mpelelezi. Nimemwaga majivu kuzunguka nguzo ili nipate nyayo zake.

Alhamisi, 8 Agosti.

Chupa tupu. Majivu laini, hayana hata unyayo wa kuku.

Mpelelezi wa Cubaka ana mikono mirefu sana.

Jumamosi, 10 Agosti. Naandika usiku wa manane.

Soko limefana! Nilitundika taa ndogo za sola ndani ya chupa za maji, safu mbili, kutoka kwenye mafiga hadi kwenye kanyumba. Watu kama themanini. Vikapu, mikeka, vyungu. Mishikaki ya mbuzi. Tambi zangu za pilipili na karanga, chakula halisi cha Bangkok, waliziogopa kidogo.

Ila walinong'ona. Watu themanini na nilisikia mafuta yakilia kikaangoni. Waliacha njia katikati ya taa, pana hatua mbili, na hakuna aliyeikanyaga. Wamama walibeba watoto kuvuka. Na kila aliyenunua alimega kipande kwanza akaenda kukiweka kwenye kanyumba, akarudi kinyumenyume. Nidhamu ya hali ya juu.

Kama saa mbili hivi taa zikaanza kuzimika. Ya kwanza mafigani. Inayofuata. Inayofuata. Polepole, mwendo wa mtu mzima, hadi kwenye kanyumba. Kisha zote zikawaka pamoja. Betri za siku hizi!

Ghislaine alikaa kwenye kigoda kando ya kanyumba jioni yote, ameinamisha kichwa, anacheka. Nilimtazama mara nyingi, kama kawaida yangu. Kigoda cha pili kilikuwa kitupu kila mara.

Tulipofunga nilimuuliza alikuwa akicheka na nani. Na bibi mmoja, akasema, ananukia ugoro, kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakina ncha. Mcheshi sana. Alikuwa akiuliza kama Gasake analala vizuri siku hizi.

Nilikaa chini.

Gasake ni kijogoo kwa Kirundi. Bibi pekee ndiye aliyeniita hivyo, kwa sababu nilikuwa naamka na kulia kabla ya majogoo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipofariki. Ncha ya kidole aliipoteza kwenye mtama, kwa mundu. Picha yake haipo duniani. Ghislaine sijawahi kumsimulia.

Cubaka amefanya uchunguzi wa kutisha.

Jumapili, 11 Agosti.

USHINDI! Baada ya misa Ghislaine alinishika mkono njiani akasema:

"Mi siendi tena na Cubaka, chéri. Ule bibi amenikatalia. Anasema we usiku unaogopa, nisikuache. Anasema amechoka kukuchunga yeye peke."

Soko langu limemlainisha! Maneno ni ya ajabu kidogo, lakini wanawake wana njia zao za kusifu.

Shangazi alikuja na kibuyu cha pombe. Anataka jioni tukae pale, nimnyweshe bibi, nimshukuru, nimwambie arudi akapumzike. Jioni moja tu, aliomba. Alikuwa na machozi. Lakini lori linaondoka Muyinga saa saba! Nikang'oa kanyumba, nguzo na yote, nikakafunga kwenye baiskeli.

Ni mabua na mkebe tu. Mwenye baiskeli alisimama mara tatu mlimani kuuliza nani mwingine amepanda.

Jumatano, 14 Agosti. Magarama.

Kanyumba kako mbele ya kibanda changu cha simu. Kanavuta macho. Kila asubuhi fanta iko nusu. Nimenunua kufuli.

Leo Cubaka kaja kibandani kuchukua jibu. Ghislaine akamjibu: hapana. Ah, uso wake! Lakini hakutazama uso wa mke wangu, alitazama kanyumba. Akavua kofia. Akauliza nimekajengea nani. Kule Bangkok, eti, nyumba hizi ni za mizimu, wenyeji wa mahali, na hakuna anayejenga bila kujua anamkaribisha nani. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wivu unampa mtu hadithi!

Akataka kuketi kwenye kiti changu, akainuka kama aliyeungua.

"Pardon, mama," akakiambia kiti. "Mi sikuona."

Akaondoka bila kofia. Nimemshinda kabisa.

Kwa furaha nimetangaza mbele ya majirani wote kwamba kabla ya Noeli nitamwonyesha mke wangu piramidi za Misri. Picha ninazo tayari. Nyumba kubwa za mawe, zimechongoka juu, mlango mdogo, ndani giza. Sijui wanaweka nini. Nadhani ni maghala. Shambani kwa bibi mawe yamejaa, na kuna mahali pazuri pamenyanyuka, penye msalaba uliolala. Nitausogeza.

Jioni Ghislaine alipakua sahani tatu. Anakula sana siku hizi. Mtoto, bila shaka!

Nalala kama jiwe. Kila usiku mkono unanipapasa kichwa taratibu hadi nasinzia. Asubuhi nilimshukuru mke wangu. Akaapa kwamba yeye hulala kaelekea ukutani, mikono yote chini ya shavu. Ana haya, mpenzi wangu. Mkono ule naujua vizuri sasa: mwembamba, mkavu, na kidole kimoja hakifiki.

Ndoa ni tamu jamani.