Ombi la Kurudishiwa Mashimo Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay

Mbuji, Mbinga

Kwa Mhandisi Alphonce Kapinga,
Songea.

YAH: LAMI YENU KULITETEMESHA GARI LANGU

Ndugu Mhandisi,

Marahaba. Nimetanguliza kuitikia kwa sababu barua ya kikazi haina mahali pa wewe kuniamkia, na mimi nilikuwa baba yako mkubwa kabla wewe hujawa mhandisi. Hapa Mbuji hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na mama yako mkubwa Notburga anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Naiandikia ofisi yako kwa kuwa ulikuwa mmoja wa wasimamizi wa ile lami ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay. Siku ya uzinduzi nilipiga makofi kama wengine. Naomba makofi yale yahesabiwe kuwa yalitolewa kabla uchunguzi haujakamilika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Lami imeliambukiza gari langu ugonjwa. Gari lenyewe unalifahamu, lile jeupe nililonunua nilipostaafu ualimu. Miaka yote ya vumbi na tope lilirukaruka, lilizama, lilisukumwa na wanakwaya waliokuwa wamevaa sare, lakini kutetemeka halikutetemeka hata siku moja. Kwenye barabara ile ya zamani hakuna mtu aliyefika spidi themanini, hata aliyekuwa akikimbiza mgonjwa. Ninyi mkaja mkailainisha. Sasa mshale ukikaribia themanini, nami nikakanyaga mafuta, gari zima linatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, Alphonce, wewe ukiwa mmoja wa niliowafundisha. Kitu kimoja kikibadilika na matokeo yakabadilika, kisababishi ni kile kilichobadilika. Gari ni lilelile. Dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni barabara.

2. Lami imenivunjia heshima ugenini. Unajua kwamba binti yangu Asteria, dada yako, amechumbiwa na Allen, kijana wa Kianglikana wa Lundo, mtoto wa Mzee Cleopa. Jumamosi ile tulialikwa kwa chakula cha mchana ili wazazi tukae, tupange siku ya ndoa na tumalize lile suala gumu la kanisa lipi. Mbele alikaa kaka yangu Ladislaus, msemaji wetu. Nyuma alikaa Notburga, amepakata trei mbili za mayai, zawadi ya kutoka milimani.

Tulipofika pale penye mnyooko, kabla ya Tingi, nikataka kulipita lori la mbao. Nikakanyaga mafuta. Gari likaanza kutetemeka, si mchezo. Kofia ya Ladislaus ilimshukia puani. Nyuma nikasikia mayai yakigongana, kisha nikasikia Notburga akimwita Mama Bikira Maria kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kanisani.

"Simamisha!" Ladislaus akasema. "Urbani, simamisha, nishuke nikiwa mzima!"

Hakushuka, lakini aliniwekea sharti. Kuanzia pale tulikwenda mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Lori la mbao lilitupotea. Baiskeli moja ilitupita kwenye mteremko, na mwenye baiskeli akatupungia mkono kwa huruma. Tulifika Lundo jua likielekea kuzama upande wa Malawi, Notburga kitenge chake kikiwa kimekaukiwa na ute wa mayai, na Ladislaus amesahau hotuba yote.

Mzee Cleopa alitupokea mlangoni amevaa suti. Alikuwa ameivaa tangu asubuhi.

"Karibuni," alisema. "Samaki wetu mbasa wamepoa. Na sisi tumepoa."

Nilianza kueleza habari za gari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, barabara sasa ni lami. Zamani mtu akichelewa tulimwelewa." Tukala. Habari ya ndoa haikuguswa. Wakati wa kuagana akasema tutazungumza siku tutakayokuwa na nafasi.

Unaona, Mhandisi? Mashimo yangekuwepo, ningekuwa nimechelewa kwa heshima.

3. Lami imewachanganya mafundi. Jumatatu nililipeleka gari gereji Mbinga mjini. Wakasema ni tairi hazina balansi, wakazifanyia balansi. Halikupona. Wakasema ni plagi, wakabadilisha plagi. Halikupona. Wakaanza kunitazama mimi. Kama si tairi na si plagi, kilichobaki chini ya gari ni kimoja tu, nacho ni lami. Zaidi ya hapo, siku ile tulipoiacha lami Mbamba Bay tukashika njia ya vumbi ya kwenda Lundo, ule mtetemo uliisha kabisa. Ni kweli nilikuwa natembea spidi ishirini, lakini hilo halihusiani.

4. Lami imeleta mgogoro kati yangu na mtumishi wa Kanisa. Shemeji yangu, Sista Beata, ambaye huendesha gari la misheni, alikuja kumjulia hali dada yake baada ya mkasa wa mayai. Akaomba tutoke naye kidogo. Tulipofika mnyookoni akasema, "Shemeji, kanyaga mafuta." Nikakanyaga, likatetemeka. "Ondoa mguu, liache liende lenyewe." Likatulia, japo bado lilikuwa linakimbia. "Kanyaga tena." Likatetemeka tena.

Akaniambia nisimame pembeni. "Tairi isiyo na balansi ingetetemeka hata ukiachia mafuta, mradi mwendo ni uleule, na ungeisikia zaidi kwenye usukani," akasema. "Plagi mbovu zingeifanya injini ikohoe. Hili linatetemeka pale tu linapovuta kwa nguvu. Mimi nasema ni jointi ya ekseli, ile ya upande wa ndani. Imelika."

Kisha akainama na vazi lake jeupe, akanionyesha nyuma ya tairi ya mbele raba iliyochanika, na grisi iliyorukia kila mahali. Nilimwambia huenda grisi ile ilitoka barabarani.

"Shemeji," akasema, "barabara haina grisi."

Nilimsamehe, kwa sababu ya nadhiri zake za utawa. Lakini naomba ofisi yako izingatie kwamba Sista huyuhuyu huendesha gari kuukuu kupita langu, juu ya lami hiyohiyo, kwa spidi ambayo sitaiandika hapa, nalo halitetemeki. Maelezo yangu ni kwamba gari la misheni huombewa kila asubuhi. Gari la mstaafu halina mtu wa kuliombea.

5. Lami inataka kumnyima binti yangu ndoa. Hili ndilo linaloniuma. Allen alimpigia Asteria kumwambia kuwa baba yake anauliza kama kuchelewa ndiyo namna ya watu wa milimani ya kukataa posa kistaarabu. Asteria alinifuata barazani nikiwa naandika rasimu ya barua hii.

"Baba, nikuulize," akasema. "Anayeolewa ni mimi au ni gari?"

Nikamjibu ni yeye.

"Basi lipeleke likatengenezwe. Mama Mdogo Beata ameshakwambia ni nini."

Nilimweleza kwamba jambo hili limeshafika ngazi ya wahandisi. Akaingia ndani akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningejua la kufanya. Tangu siku hiyo ananiandalia chai kama kawaida, ananiamkia kama kawaida, lakini haimbi tena akiwa jikoni, na nyumba hii bila kuimba kwake imekuwa kama ofisi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nikianza na dogo:

(a) Mtuchimbie shimo moja tu pale penye mnyooko, la ukubwa wa wastani, ili mtu asijaribiwe kufika themanini.

(b) Shimo moja likionekana ni upendeleo kwa upande mmoja, yachimbwe mawili, la kwenda na la kurudi.

(c) Ikishindikana, lami yote ikunjwe kuanzia Mbinga hadi ziwani, ihifadhiwe mahali pakavu, na irudishwe siku magari yote ya wastaafu yatakapokuwa tayari kwa ajili yake.

(d) Ofisi yako imwandikie Mzee Cleopa, kwa karatasi yenye nembo, kwamba kuchelewa kwetu kulisababishwa na maendeleo.

Msalimie mkeo Violet na watoto. Wasalimie na wahandisi wenzako wote, wale wa madaraja pia, ambao mpaka sasa sina ugomvi nao.

Ni mimi, mwenye kuheshimu cheo chako na kuusubiri utekelezaji,

Mwl. Urbani Kapinga
(Baba yako mkubwa)

Nakala: Paroko, kwa taarifa.
Mzee Ladislaus Kapinga, kama shahidi na majeruhi.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani kwa kukosa bahasha. Katikati ya wiki nilipokuwa nimelala mchana, Notburga alichukua funguo, akampa Sista Beata, wakaenda na gari Mbinga wakabadilisha ile jointi. Niliporudishiwa nilikasirika kwa muda unaostahili, kisha nikaenda nalo mnyookoni peke yangu. Themanini. Tisini. Alphonce, mwanangu, lilikuwa limetulia kama maji ya ziwani asubuhi. Nikageuza nikapita tena, nikihakikisha.

Jana tumeshuka Lundo. Tuliwahi mno, Mzee Cleopa alitokea mlangoni na taulo begani na povu la sabuni kidevuni, akacheka mpaka akashika nguzo, na baada ya hapo hakuna lililokuwa gumu. Ndoa itafungwa Mbinga, ibada ya shukrani itafanyika Lundo, na Askofu ataombwa kibali. Asteria alipopata habari kwa simu alipiga kigelegele mpaka Notburga akaiondoa simu sikioni.

Ila kuna jambo moja. Ukiiacha lami pale Mbamba Bay, ile njia ya vumbi ya kwenda Lundo ni mbaya sana, inatikisa, na italiua gari langu. Sasa ni njia ya ukweni. Siku moja itakuwa njia ya kwa wajukuu. Naomba lami ifike mpaka mlangoni kwa Mzee Cleopa, na ikiwezekana iwe imenyooka.

Barua yenyewe ni hii nyongeza. Yote yaliyo juu yake yapokee kama salamu.