Mlango Usio na Kitasa

Jumanne, 8 Julai 2025

Sijalala, sijala, na sijawahi kuwa na raha hivi! Yusra ndiye kaniponza. Fundi cherehani wa Old Korogwe. Alileta simu nimbadilishie kioo, nikaona gemu ndani, nikauliza ni nini, akanionyesha. Basi. Nimekwisha.

Ni jumba moja kuukuu. Hakuna maelekezo. Hakuna mshale. Hakuna adui wa kupiga. Unazurura tu, vyumba, ngazi, visima, unashindwa, unarudi, unajiuliza. Leo nimegundua kwamba jogoo aliyechorwa ukutani anageuka jua likihama, na anakoangalia ndiko uliko ufunguo! Nilipiga ukelele mpaka mteja akaondoka na simu yake mbovu. Hakuna aliyenifundisha. Nimeona mwenyewe, mimi Isihaka!

Umebaki mlango wa kijani. Hauna kitasa, hauna hata tundu la ufunguo. Na huo ndio wenyewe! Mimi na Hiza wa Mazingara wote tunamtaka Yusra, na baba yake, Mzee Muhsin, kamwachia achague. Yeye kasema kwa kucheka, lakini kasema: atakayeufungua kwa kichwa chake, bila kuchungulia mtandaoni, aje Jumapili amsalimie mzee. Kumsalimia mzee si kunywa chai. Ni posa!

Jumatano, 9 Julai

Nimeugonga mlango mfululizo mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nimeusukumia pipa. Nimeuwashia moto, nikaungua mwenyewe. Kimya.

Mchana Mungu kaniletea adui mkononi. Hiza kaja kibandani kwangu hapa Chanika, simu yake haipeleki chaji. Mkulima wa mahindi, mpole mpaka unakereka. Nikamwambia spea inatoka Tanga, arudi kesho. Uongo mtupu, lilikuwa vumbi tu. Alipotoka nikafungua gemu lake. Kumbe bado yuko kisimani! Nilicheka peke yangu.

Lakini kisima chake kimejaa, changu kilikuwa kikavu. Nikasema ngoja nijaribu ndoo. Ngoja nijaribu kamba. Jamani, utamu! Ukiishusha ndoo ukaiacha, maji yanapungua yenyewe, chini kuna njia! Nikashuka, nikapita, nikatokea mbele ya mlango wa kijani.

Kwenye simu ya Hiza. Nimemfikisha mwenyewe. Mkono huu hauna adabu!

Alhamisi, 10 Julai

Hiza kachukua simu. Akashukuru kwa chaji. Akashangaa kidogo kujikuta amevuka kisima, akasema labda alicheza akiwa na usingizi, akaniachia mahindi mabichi mawili. Nikayapokea.

Ikabidi nichukue hatua. Nikamwandikia Yusra kwamba mlango nimeufungua. Akanipongeza, akauliza aliye ndani alisema nini. Sikujua kama kuna mtu ndani! Nikajibu kwamba amesema toka hapa. Yusra akanitumia vikatuni vya kucheka, safu nzima. Sijui alicheka nini.

Ijumaa, 11 Julai

NIMEFUNGUA! Wallahi nimefungua!

Nilikwenda kwa Bibi Mwaija, mwenye nyumba wangu, kuazima chumvi. Nikaingia jikoni moja kwa moja, kama kawaida yangu. Akashtuka, sufuria ya mboga ya mchunga ikaenda chini. Maneno niliyopata! Eti jitu zima halijui hodi. Mtu anapiga hodi tatu, akinyamaziwa anarudi zake, wa ndani akitaka atamwita. Havamii nyumba ya watu kama mbuzi.

Nikasimama na mchunga miguuni. Hodi tatu. Anarudi zake.

Sikuomba hata radhi, nilikimbilia simu yangu. Nikagonga mara tatu, nikauzuia mkono. Nikageuka. Nikaanza kuondoka kwenye ujia wa giza. Nyuma yangu mlango ukalia, mwanga ukamwagika, na sauti ya bibi ikasema karibu mwanangu, karibu ndani.

Nimelia. Naandika bila aibu. Ndani kuna bustani, na ng'ambo yake nyumba nyingine, kubwa kuliko ya kwanza! Siku zote nilikuwa barazani tu! Na jibu lilikuwepo muda wote, ni mimi tu sikuliona. Hakuna raha duniani kama hiyo.

Nikamwandikia Yusra kila kitu. Kaniambia nije Jumapili. Kaongeza kwamba na Hiza anakuja, kafungua tangu jana. Eti alifika, akagonga, akaona wenyewe hawapo, akageuka zake. Hakufikiri hata kidogo! Huo si ushindi, ni bahati.

Jumapili, 13 Julai

Gari la kwanza. Kanzu mpya, boksi la tende. Nafika Old Korogwe, Hiza kashatangulia. Kasimama kando ya mlango wa Mzee Muhsin, jogoo kwapani, anapiga hodi. Kimya. Anasubiri. Anapiga ya pili. Kimya. Nikaona huyu atatuweka hapa mpaka magharibi. Nikampita, nikasukuma mlango, nikatokea uani.

Mzee Muhsin ndio kwanza anatoka bafuni. Povu masikioni, kajifunga kanga ya mkewe.

Nikapaza sauti: shikamoo mzee, nimefungua mlango!

Akajibu kwamba anaona.

Nimetolewa kwa ndoo. Tende zimebaki. Nikiwa barabarani nakamua kanzu, nikamwona Hiza anapiga hodi ya tatu. Hawakumsikia, walikuwa bado wananitukana. Akageuka aende zake. Ndipo mama yake Yusra akatoka mbio, akamwita karibu baba, karibu ndani.

Nimesikitika sana. Kaiga gemu mwanzo mwisho! Mtu hana ubunifu hata chembe.

Jumatatu, 14 Julai

Yusra kaandika. Jogoo kapokelewa, posa ya Hiza imekubaliwa. Kwangu, anasema, mlango umefungwa.

Umefungwa! Niliruka juu kibandani. Hajui anaongea na nani! Mlango uliofungwa ndiyo kazi yangu. Nimekaa, nimefikiri kama mchezaji wa kweli: lazima kuna kitu sikukiona. Na kipo! Jana nikikimbia niliona ukuta wao wa uani ni mfupi, na dirisha la jiko halina nondo.

Jumapili ijayo nimo ndani. Kilichokuwa kinatakiwa ni ngazi tu, na ngazi nimeshapata kwa Bibi Mwaija. Hakuwepo, nikaingia nikajichukulia.