Mrudishieni Mume Wangu Kipara Chake

Kwa Daktari Urvish,
Kliniki ya Nywele, ghorofa ya tatu,
Kariakoo.

Shikamoo Daktari. Natumaini u mzima na nywele zako hazijambo. Sisi kwa miili hatujambo, ila kwa jina tumekwisha, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali nisahihishe huku unaendelea kusoma, usiiweke pembeni.

Mimi ni mke wa Tarsis, yule muuza masufuria wa nyuma ya Msimbazi mliyemtibu kichwa. Mlimtoa damu mkononi, mkaizungusha kwenye mashine, mkachukua yale maji ya njano mkamdunga nayo utosini. Alirudi mara kadhaa, hakulalamika hata siku moja. Ninayelalamika ni mimi: nywele zimeota.

Tena si za kubahatisha. Zimejaa. Sasa sikiliza zilivyotufanya.

1. Duka letu halina kibao, linaitwa Kwa Kipara. Mteja akishuka kutoka mikoani anauliza, "Kwa Kipara wapi?" Anaonyeshwa kichwa kinachong'aa kati ya masufuria, anakuja. Siku hizi wanafika, wanachungulia, wanaona mtu mwenye nywele, wanaomba radhi na kwenda zao.

2. Wasioondoka ndio balaa. Mama mmoja wa Ifakara, mteja wetu wa siku nyingi, alimuuliza Tarsis, "Kipara yuko wapi?" Akamjibu, "Si ndiye mimi, mama." Yule mama akamtazama zile nywele, akakaa juu ya ndoo akaangua kilio. "Jamani Kipara! Mmemzika bila kutuambia! Na wewe mdogo wake unaleta masihara!" Tarsis alimbembeleza weee, wapi. Yule mama aliporudi kwao akatangaza msiba.

3. Sasa mimi ni mjane. Napokea pole kwenye simu huku marehemu anakula ubwabwa mbele yangu. Bi Zeina wa khanga, jirani yetu, ukweli anaujua lakini hana huruma. Nikipita tu anapaza sauti: "Shoga, huyo shemeji aliyekurithi mbona anakupendeza kuliko marehemu!" Wapita njia wananitazama vibaya, na mtoto nimembeba mgongoni.

4. Huyo mtoto. Mwanetu Sophia alikuwa halali mpaka apige ngoma kwenye kile kipara. Sasa akigusa nywele anashtuka, ananilia mimi, baba anamwona mgeni. Baba mtu anageuza uso anajifanya anapanga mifuniko. Hayo ya juu nayaweza, Daktari. Hili linaniuma.

5. Ile damu nyekundu iko wapi? Nikipeleka mahindi mashineni Buguruni narudishiwa unga, na pumba zangu narudishiwa. Nyinyi mmeturudishia ya njano peke yake. Nimefikiri sana nikaona hivi: kama nywele zilikuwa kwenye ya njano, basi kipara kimebaki kwenye nyekundu. Kwa hiyo mnacho, na ni chetu.

Naomba kwa heshima mumdunge hiyo nyekundu, walau nusu ya kichwa, upande wa barabarani, wateja wamjue. Upande wa ndani mniachie mimi. Kama mliimwaga, basi tupeni karatasi yenye muhuri inayosema Tarsis mwenye nywele ndiye Kipara, na hajafa.

Nisalimie dada wa mapokezi, yule mpole wa sindano, na wote waliokaa kwenye benchi wakisubiri kuota.

Wako mwenye matumaini,
Candida (Mama Sophia),
mke wa mtu, si mjane.

N.B. Barua hii imekaa kabatini wiki nzima kwa kukosa wa kuileta, na mambo yamegeuka. Watu wa mikoani wamekuja kuhani, na kwa kuwa wamefika wakanunua masufuria. Sasa duka linaitwa Kwa Marehemu, bodaboda yeyote anakufikisha. Sophia naye amegundua kwamba nywele zinashikika: anazikamata kwa mikono miwili, analala nazo, na baba yake hathubutu kuinuka. Kwa hiyo msirudishe kitu. Ila kisogoni kumebaki upara kama kisosi. Tafadhali mmalizieni upesi, watu wasije wakasema Kipara kafufuka.