Karafuu Nilizouza kwenye Tamthilia ya Mjane

Jumatatu, 3 Novemba

Hofu tupu. Bimkubwa kanunua luninga! Kaitundika kwenye chumba chake cha chakula humu kwenye jengo la Tianxiu, juu ya masufuria ya pilau. Chanzo mimi. Mwezi uliopita, katika kumbembeleza anikubali, maana ni mjane na pilau yake haina mfano Guangzhou nzima, nilimwambia nimecheza kwenye ile tamthilia ya Kichina ya enzi za kale, ya mjane mfanyabiashara wa vitambaa. Mimi ndiye tajiri wa karafuu kutoka ng'ambo, sehemu ya thelathini. Nikaongeza kwamba mambo yote ya karafuu niliwafundisha mimi, na mwongozaji aliandika huku analia. Ulimi huu!

Leo wamefika ya ishirini na nne. Mbili kila siku, baada ya magharibi. Bimkubwa kasema akiniona kwa macho yake, posa kaikubali. Asiponiona, nitafute pilau kwingine.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango: kuiponda tamthilia mpaka wateja wake waichoke. Nikasimama mbele yao kama profesa. Mjane kaanguka mtoni, nywele hazikulowa! Miaka kumi anasafirisha marobota, hajagombana na forodha hata siku moja! Na kila akitazamana na yule jemadari, upepo unavuma mpaka ndani ya nyumba! Cornel, muuza simu wa Moshi, kacheka hadi kapaliwa. Nikajua nimeshinda.

Bimkubwa kanijibu bila kugeuka. Nywele, kweli. Jemadari, wangempunguza. Lakini huyu mama huchoma uzi na kunusa moshi kabla ya kununua, na akidanganywa halii mbele ya mtu. Yeye mwenyewe alipofika soko la nguo la Zhanqian Road mara ya kwanza aliuziwa plastiki kwa jina la pamba, akalia mbele ya laoban mwenye duka, na laoban akapandisha bei. Laiti angeiona tamthilia hii mapema! Kisha kasema, "Abdulsalam, kaa chini, unatuziba."

Jumatano, 5 Novemba

Nimechomoa waya wa luninga, nikauficha kiunoni. Cornel kashuka dukani kwake, karudi na nyaya tatu. Huyu Mchaga ataniua. Kaniuliza mbona natoka jasho, anko, au nimekumbuka taa za kamera?

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeumwa. Homa, mgongo, na maradhi ya wengu niliyoyabuni mwenyewe. Nikajifungia chumbani. Magharibi ikapita, mlango ukagongwa. Bimkubwa, na uji. Nyuma yake Cornel, luninga kichwani! Eti mgonjwa asikose kujiona.

Nikaing'ata shuka. Tajiri wa ng'ambo akatokea. Kilemba kikubwa, kitambaa mpaka puani, macho tu ndiyo yanaonekana. Na tumbo. Tumbo langu hasa! Bimkubwa akapiga kigelegele. Hata Cornel akakiri ni anko. Mimi mwenyewe nikaanza kujikumbuka.

Kisha mjane akatia mkono ndani ya gunia, akanusa, akalimwaga lote sakafuni. Makonyo! Chini ya karafuu wamejaza vikonyo vyake kuongeza uzito!

Kigelegele kikakatika. Bimkubwa kageuka taratibu. Kasema babake kachuma karafuu Wete maisha yake yote, na mtu wa makonyo hawakumpa hata salamu. Wachina wa watu watayajulia wapi makonyo? Si kuna bwana aliyewafundisha mambo yote ya karafuu?

Nilipaswa kusema neno moja tu: sikucheza. Nikavuta shuka mpaka puani.

Uji kaondoka nao.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala nimekwenda kwake. Nimeamua kumweleza ukweli wote. Nimemweleza kwamba sehemu ya arobaini yule tajiri anarudi kwa mjane, anapiga magoti, anaomba radhi, anamletea karafuu safi, na machozi yale ni yangu halisi. Kalainika! Kanipakulia na pilau. Kasema sawa, atangoja aone.

Ya arobaini sijaiona. Cornel kaimaliza yote kwenye simu. Nimemwuliza yule tajiri anaishia wapi.

Kanitazama shingoni, kaniuliza kama naukumbuka upanga wa jemadari, kisha kaninunulia soda.