Asilimia Mia Moja na Thelathini na Saba

Ofisi ya Kunyoosha Hesabu ya Watu ilitangaza, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari jeupe, kwamba kuanzia Jumatatu wakazi wa Gora Bokke watapunguzwa hadi kufikia asilimia mia moja. Wananchi waliombwa watulie. Zoezi halina maumivu.

Tangazo hilo halikuzuka tu. Gora Bokke ni mji mdogo wa mkoa wa Wollo, na katika hesabu iliyopita watu wake walipoulizwa kabila, Waoromo walitokea kuwa asilimia sabini na moja, na Waamhara asilimia sitini na sita. Upande wa dini haukujumlishwa kabisa, kwa sababu karani wa wakati ule aliomba likizo ya ugonjwa na hakurudi.

"Hakuna nchi iliyowahi kuendelea ikiwa na asilimia mia moja na thelathini na saba," ilinguruma sauti ya Kamishna Mekuria Tessema kutoka juu ya gari, nayo ikasikika hadi ng'ambo ya korongo.

Kazi alipewa Ato, yaani Bwana, Dagnachew Lemma. Alikuwa karani kwa miaka ishirini na miwili, mtu aliyepiga mstari wa pembeni kwa rula hata kwenye orodha ya vitunguu vya nyumbani. Hakuwahi kupoteza karatasi. Ukoo wake ulitoka mbali na Wollo, nao ulikuwa umenyooka pande zote hadi babu wa saba, jambo ambalo kwa sasa lilimfanya awe kama daktari aliyetumwa kwenye kijiji chenye ndui.

Waraka namba kumi na mbili ulikuwa wazi. Kila mtu atakuwa na kabila moja na dini moja, vyote vithibitishwe na mashahidi wawili wasio na mchanganyiko. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, mwenye mchanganyiko hashuhudii, na atakayeshindwa ataandikwa Ziada.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Yimam na mkewe, Bi Dinqe. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa. Bi Dinqe alikuwa akikaanga buni.

"Karibu, mwanangu. Umekuja na kahawa ya kwanza, una bahati."

"Nimekuja kikazi, mama."

"Kazi nayo inakunywa kahawa. Keti."

Dagnachew akaketi, akafungua fomu. "Mzee, jina kamili?"

"Yimam Gebre-Sillase."

Karani akainua kalamu. "Jina lako la Kiislamu. La baba yako la Kikristo."

"Kila mtu alipewa lake. Mimi sikuwepo la baba likitolewa."

"Kabila?"

"Baba Mwamhara, mama Muoromo."

"Sijauliza wazazi. Wewe?"

"Mimi ni mtoto wao," alisema Mzee Yimam kwa subira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Dagnachew akamgeukia mke. Bi Dinqe Roba alikuwa Muoromo, Mkristo, na mama yake mzazi alizikwa makaburi ya Waislamu. Karani akaona jasho linamtoka. Akajaribu swali ambalo waraka uliliita la kutegua utata.

"Nyumbani mnasema lugha gani?"

"Tukigombana, Kioromo," alisema Bi Dinqe. "Tukipatana, Kiamhara."

"Ipi hutumika zaidi?"

Mzee Yimam akakohoa. "Andika Kioromo."

"Tazama mzee huyu! Miaka hamsini nampikia, leo ananishitaki kwa serikali!" Bi Dinqe akacheka mpaka buni zikataka kuungua. "Mwanangu, mimi nafunga Kwaresima, yeye anafunga Ramadhani. Mwaka zikikutana, sufuria yangu inakwenda likizo. Hiyo nayo iandike."

"Na nyama? Anachinja nani?"

"Tunanunua dengu."

Dagnachew aliangalia visanduku vinne vya fomu, viwili vya kabila na viwili vya dini. Aliwaomba mashahidi wawili wasio na mchanganyiko. Wazee wakafikiri kwa dhati. Wakataja jirani wa kushoto, wakakumbuka bibi yake. Wakataja wa kulia, wakacheka. Basi, kwa mwandiko mzuri sana, karani akaandika: Ziada.

"Ziada maana yake nini?" aliuliza Mzee Yimam.

"Maana yake upo, mzee, ila si kwa matumizi ya serikali."

"Na barua yangu ya macho?"

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja mjini Dessie baada ya miezi miwili, na kila mgonjwa alitakiwa kufika na barua ya ofisi. Mzee alikuwa ameingoja zamu hiyo miaka mitatu.

"Barua huandikiwa mkazi," alisema Dagnachew, akiitazama kahawa yake.

Bi Dinqe hakupiga kelele. Alimmiminia kikombe cha pili, kisha cha tatu, kile cha baraka, akambariki apate watoto na afya. Dagnachew alishuka kilima na baraka ya mtu ambaye hayupo, wala hakujua aiweke faili gani.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ofisi ikifunguliwa, Bi Dinqe alikuwa kwenye benchi.

"Mwanangu, leo nipo?"

"Bado, mama."

"Na mzee wangu?"

"Naye bado."

"Haya. Kesho basi." Akaondoka, akiacha mezani shayiri ya kukaangwa ndani ya kitambaa. Dagnachew alijiambia kwamba Ziada hawezi kutoa zawadi, kwa hiyo shayiri ile haikutolewa na mtu, na yeye akiila hatakuwa amepokea kitu. Aliila.

Kazi iliendelea vizuri mno. Mwalimu mkuu alithibitika kuwa Ziada, na wanafunzi wake wakamfuata. Fundi cherehani alitaka kuchagua kabila la baba, lakini mashahidi aliowaleta nao walihitaji mashahidi. Chama cha mazishi cha mji, ambamo shehe na kasisi hupokezana zamu ya kusimamia uchimbaji wa kaburi, kiliandikwa Ziada kwa mkupuo. Wazee wa chama wakaja kuuliza kwa adabu kama Ziada akifa azikwe. Dagnachew alipekua waraka, akakuta umenyamaza. "Zikeni," alisema kwa sauti ndogo. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa amri isiyo na namba.

Baada ya wiki sita ripoti ikatimia. Mji wenye watu elfu tisa ulikuwa na wakazi arobaini na mmoja, wengi wao polisi waliohamishiwa pale. Asilimia zilijumlishwa zikatoa mia moja kamili, bila nukta. Makao makuu yakatuma pongezi, na Kamishna Mekuria akaamua kuja mwenyewe kuusherehekea ushindi.

Tena alikuwa na haja yake. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na Kamishna, aliyezaliwa Gora Bokke akaondolewa akiwa bado ananyonya, alitaka kiti cha mji huo. Mgombea lazima awe kwenye daftari la wakazi na kwenye orodha ya kabila lake kabla ya saa sita mchana wa Jumamosi ile ya sherehe. Wajumbe wawili walikaa uwanjani na mafaili yao kumngoja, mmoja wa orodha ya Waoromo, mwingine wa orodha ya Waamhara. Ziada nao walijaa, maana sherehe haikuwa na mlango.

"Andika haraka," alisema Kamishna. "Mekuria Tessema. Kabila moja, dini moja, Mwamhara Mkristo. Mimi ni mfano."

"Jina la tatu, Mheshimiwa?"

"La tatu halina umuhimu."

"Fomu ina mistari mitatu, Mheshimiwa. Jina lako, la baba, la babu."

Kamishna akaangalia saa. "Wolde-Gabriel."

Umati ukaguna kidogo, mguno wa watu wanaoona mtu amevaa viatu vya mwenzake.

"Mashahidi wawili waliomjua babu," alisema Dagnachew.

Wakaitwa wakazi halali. Koplo wa polisi akapiga saluti. "Mimi nimehamia mwaka jana, afande." Fundi redio, ambaye naye alikuwa mtu wa kuja, akasema anamjua Mheshimiwa kwa picha ya ukutani.

"Mimi nilimjua babu yake," alisema Bi Dinqe kutoka nyuma. "Mkewe alinibeba mgongoni."

"Basi mama huyu aseme!"

"Hawezi, Mheshimiwa. Hayupo."

"Nani kasema hayupo? Namwona kwa macho yangu!"

"Wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Kifungu cha nne."

Ilikuwa saa tano na nusu. Kamishna akavuta pumzi. "Futa kifungu cha nne kwa mama huyu."

Dagnachew aliipekua karatasi ya waraka polepole, ingawa maneno yake aliyajua kwa moyo. "Kifungu hakifutwi kwa mtu mmoja, Mheshimiwa. Huo ni upendeleo, kifungu cha tisa. Kikifutwa, kinafutwa kwa wote. Uandike kwa mkono wako, utie sahihi, kisha kisomwe kwa kipaza sauti."

"Nipe kalamu!"

Kifungu cha nne kikafutwa. Kikasomwa. Watu elfu nane na mia tisa na ushee wakarudi kuwepo, pamoja na mwalimu mkuu, na mtu mmoja akapiga kigelegele. Dagnachew hakungoja. Kabla ya kugusa fomu ya Kamishna alivuta karatasi nyingine, akaandika barua ya macho ya Mzee Yimam, akaigonga muhuri mara mbili.

"Unafanya nini wewe?"

"Naandika kwa zamu, Mheshimiwa. Mzee alitangulia. Sasa, mama, sema."

"Babu yake ni Adem Guyo," alisema Bi Dinqe. "Muoromo wa bondeni, Muislamu, mpole kuliko kondoo. Mkewe Tirunesh, Mwamhara, binti wa kasisi. Kasisi alikataa siku tatu, ya nne akachoka, akala harusi kuliko wote."

"Uongo!" alifoka Kamishna, kisha akaanza kukohoa.

Mzee Yimam, aliyekuwa ameshikwa mkono na mkewe, akainua kichwa. "Ndicho kikohozi cha Adem hicho. Ningekijua hata kaburini."

Mashahidi walikuwa wawili na sheria iliyobaki ilitaka wawili. Dagnachew akaandika jina la tatu, akatia alama kwenye visanduku vyote vinne kwa rula. Mjumbe wa orodha ya Waamhara akachungulia, akafunga faili. Mjumbe wa Waoromo akachungulia, naye akafunga. Kila mmoja alimwelekeza Kamishna kwa mwenzake, kwa heshima kubwa, mpaka saa sita ikapita.

Makao makuu yaliuliza kwa maandishi ni nani aliyeurudisha mji kwenye asilimia mia moja na thelathini na saba. Walipelekewa sahihi ya Kamishna. Halikuwa kosa la kufukuzwa mtu, wakaamua. Lilikuwa kosa la kukosa uzoefu wa mashinani. Kwa hiyo Mekuria Tessema Adem alirudishwa Gora Bokke kuwa mwandikishaji wa nyumba kwa nyumba, chini ya Ato Dagnachew, ambaye alimkabidhi rula.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya Mzee Yimam. Mzee alikuwa amerudi kutoka Dessie, ameketi mlangoni, macho yamefunguka, akitazama kila kitu kwa pupa: kuku, moshi, mke wake. Mwandikishaji akasimama mbele yake na fomu mkononi, akajitambulisha kwa sauti ile ile.

Mzee Yimam akamtazama kutoka viatuni hadi utosini.

"Dinqe," aliita, "huyu ndiye aliyekuwa kwenye kipaza sauti?"

"Ndiye."

"Mimi nilidhani ni mrefu."