Ndama wa Gesi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kampuni ya gesi imetangaza gawio! Nimesoma tangazo simu ikiwa ndani ya faili. Mimi, karani wa chama cha pamba Bariadi, mwanahisa! Bosi, Mama Mektilda, akapita. Nusura nimeze kalamu. Yeye humshuku karani yeyote anayetabasamu Jumatatu.

Jumamosi nakwenda Nkololo kujadili mahari ya mchumba wangu Flora. Baba yake, Mzee Salu, anataka ng'ombe. Sina hata mbuzi. Novatus, mpima pamba wetu, ana zizi zima, na tayari amefika pale "kusalimia". Kusalimia!

Nimepata akili. Nitalipa mahari kwa hisa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemweleza Flora. Amecheka hadi michembe ya viazi aliyokuwa akitafuna ikampalia. Anashauri nimwambie baba yake ukweli kwamba sina ng'ombe, niombe kulipa polepole. Mzee ni muungwana. Ukweli! Mbele ya fimbo ile? Hapana. Nitazieleza hisa kwa lugha ya ng'ombe.

Jumamosi, 14 Juni

Salamu za mwangaluka nyingi. Jasho hadi kwenye soksi. Mzee Salu akauliza hisa zinakula nini. Nikasema hazili. Zinanywea wapi? Hazinywi. Wazee wakatazamana kwa heshima. Je, zinaugua? Nikakumbuka bei ilivyoshuka Machi, nikasema mafua tu.

Zinazaa?

Hapo heri ningekohoa tu. Nikasema kila mwaka! Gawio ndiye ndama.

Amekubali! Hisa zote sasa ni zake, nami nitamchungia kwenye simu. Novatus, aliyekuwa amefika tena "kusalimia", akasema hajawahi kuona ng'ombe wa kulazwa mfukoni. Wivu mtupu.

Alhamisi, 19 Juni

Gawio limeingia! Nikakimbilia dukani kwa Tajudin kujaribu viatu. Nikiwa na kimoja mguuni, Mzee Salu akapiga simu. Anauliza ndama wake yuko wapi. Novatus amemsomea tangazo, mchimvi yule! Mzee akanikumbusha desturi anayoijua kila mtoto wa Nkololo: anayemtunzia mwenzake ng'ombe hunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali. Nikajitetea kwamba ulimi uliteleza, gawio ni maziwa. Akauliza, kwa upole wa kutisha, ng'ombe gani anakamuliwa mara moja kwa mwaka.

Nimemtumia lote. Makato juu yangu. Tajudin akaniomba nivue kiatu chake.

Jumamosi, 21 Juni

Flora amepiga. Baba yake anamsifu mkwe mwaminifu. Harusi ni msimu wa pamba ukiisha. Ushindi! Ila ananisihi niende nikaseme ukweli wote kabla mzee hajaanza kuulizia ndama wa ndama.

Mimi nimeona mbali zaidi. Nimekopa, nimenunua hisa za kampuni ya umeme. Gawio la hizo nitakula mwenyewe, kimya kimya. Kwa kuwa Novatus hakosi kunusa, nimemuwahi mzee: nikampigia kumwambia za umeme ni madume, hazizai kabisa.

Amefurahi mno. Akasema vizuri, karani, harusi inahitaji dume la kuchinja.

Lakini nimeketi, nimefikiri, na jibu nimelipata. Kesho namwambia hawa si wa kuchinja, ni maksai wa kulimia. Shamba lake lenyewe ni ekari nane tu. Kwa maksai atanidai nini?