Shati la Kitenge na Ndoo za Bahari

Jumatatu, 6 Oktoba
Shemeji Eufrazia kapita. Kasema mashine ya kufulia aliyoninunulia binti yangu Linda inakula nguo. Nikamjibu mashine haina hasira, haisugui kola kama inamkomoa mtu. Akacheka. Jumapili ni misa ya mwaka mmoja tangu afariki mke wangu Scola, dada yake. Nitavaa shati la kitenge alilonishonea. Eufrazia ana gauni la kitenge hichohicho, analifua kwa mkono. Basi watu wataona la nani limedumu!

Jumanne, 7 Oktoba
Shati limetoka kwenye mashine limepauka mabegani. Nikakumbuka: Scola aliloweka vitenge kwenye maji ya chumvi, rangi ishike. Kwanza alipekua mifuko. Akikuta karanga zangu, anazila. Ndio ujira wake.
Chumvi inauzwa dukani. Bahari iko palepale. Ndoo mbili, bure!

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemimina ndoo zote mbili kwenye mashine. Imeguna, imezima. Mlango umejifunga. Shati ndani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Fundi Mikdad kaufungua. Kauliza, kwa heshima, kama nilikuwa nafua pweza. Katoa mchanga, mwani na kaa mmoja mdogo, mzima. Mashine inazunguka tena. Shati lina mabaka. Kaa hajapauka hata kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kama shati langu halirudi rangi, gauni lake nalo lipauke. Nimekwenda kwa Eufrazia. Hayupo. Gauni liko kambani, kivulini, limegeuzwa ndani nje, kama alivyoanika Scola. Nikaligeuza, nikalihamishia kwenye jua kali la saa sita. Nikarudi nyumbani taratibu, nikiimba.

Jumapili, 12 Oktoba
Eufrazia kaja misani na gauni linang'aa kama limetoka dukani jana! Sikuelewa. Baada ya misa akanipa mfuko.
"Shemeji, hili ni gauni la Scola, tulishona sare. Nililichukua siku tuliyoanua matanga. Nimelifua nikurudishie, sijui nani kalihamishia juani."
Akanitazama mno. Nikasema, watoto wa siku hizi!
Nyumbani nimelipekua. Ganda la karanga limenasa kwenye mshono wa mfuko. Nimelia kidogo.
Lakini bega moja limepauka, na lote linanuka sabuni ya Eufrazia. Ganda nimelitoa, nimelihifadhi. Gauni limo kwenye mashine. Safari hii maji ya bahari nimeyachuja.